Terapia kwa sisi wenye matumbo sugu, uzoefu wangu baada ya sesheni 8

Nina IBS, yaani tumbo kuuma na choo kuvurugika mara kwa mara bila vipimo kuonyesha ugonjwa, mwaka wa sita sasa. Siku daktari aliponiambia nikaonane na mwanasaikolojia niliumia sana, nikajua basi huyu naye anaona nasingizia, maana vipimo vyote vilikua safi, kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) safi, alafu unapelekwa kwa mtu wa mambo ya akili. Ile barua ya rufaa nilikaa nayo miezi minne.

Wa kwanza niliyeenda hakunifaa, sesheni tatu nzima tunaongelea utoto wangu na tumbo haliguswi, nikaacha. Kwa hiyo ukitafuta, uliza kabisa kama ameshahudumia watu wa matumbo.

Wa pili akaanza kwa kuniambia maumivu yako ni ya kweli. Nililia palepale. Akanieleza ukuta wa utumbo una seli zake za neva zaidi ya milioni 100 na zinawasiliana na ubongo muda wote, sasa kwa wenye IBS mawasiliano hayo yanakua makali mno, yaani gesi ambayo mwenzako hata haisikii wewe inakuchoma kama kisu, na ukiogopa ndo inazidi. Hata wataalamu wa Rome IV, vigezo vya kimataifa vya kutambua magonjwa kama haya vya mwaka 2016, waliyapa magonjwa haya jina jipya linalotaja utumbo na ubongo pamoja.

Njia yenyewe inaitwa CBT, yaani tiba ya kubadili mawazo na tabia. Unaandika kila siku tumbo limeuma saa ngapi, ulikua unawaza nini, ukafanya nini. Wiki ya pili nikaona kitu kilichonishtua: tumbo lilikua linaanza kabla sijatoka nyumbani, nikiwa bado nawaza choo kiko wapi huko niendako! Basi tukafanyia kazi hapohapo, kupumua kwa tumbo taratibu, alafu kutoka bila kuulizia choo, kwanza dakika kumi, baadae nusu saa, na hapa sitawadanganya ni pagumu, kuna siku niligeuza njiani.

Kuna na hipnosisi ya tumbo, yaani unatulizwa kwa sauti na maelekezo yanayolenga tumbo, ilianza kufanyiwa utafiti Manchester, Uingereza, miaka ya 80 na mimi naisikiliza kabla ya kulala, inanituliza ingawa CBT ndo imenisaidia zaidi.

Maumivu hayajaisha jamani. Yamepungua, na hofu imepungua zaidi. Dada yangu ana Crohn's, ugonjwa unaovimbisha utumbo wenyewe, terapia imemsaidia kulala na kuacha kujifungia ndani ila uvimbe wa utumbo hautoki kwa maongezi, dawa zake anameza vilevile. Na ukiona damu chooni, unapungua uzito bila sababu au kuhara kunakuamsha usiku, daktari kwanza tafadhali, terapia itakusubiri.

Wiki iliyopita nimekaa kwenye basi masaa matano. Tumbo liliunguruma karibu njia nzima, nikapumua, sikushuka.