Nimempelekea fundi ridi 10, nimerudi na 1

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Mke wangu kasema nilale kwanza niandike kesho. Silali.

Mimi napuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, aina ya alto. Jumamosi niko na bendi kwenye maharusi, Jumapili niko kanisani. Anayepuliza anajua kwamba lile bati linalong'aa ni mapambo tu, anayeimba ni ridi, kale kakijiti ka tete kenye ncha nyembamba kama karatasi. Na anajua pia kwamba ukinunua boksi la ridi 10, kiwanda kimoja, ugumu wa namba ileile, utapata 3 za kuimba, 4 za kubembeleza, na zilizobaki za kukorogea chai. Ndivyo ilivyo. Tete ni mmea, linaota zake kusini mwa Ufaransa, halina habari kwamba kuna bwana harusi Tabata anangoja.

Kwetu Dar shida ni mbili juu ya hiyo. Joto la pwani lina maji, ridi inavimba tumbo. Ukiingia ukumbi wenye kiyoyozi inakauka ghafla, ncha inafanya mawimbi kama ukingo wa chapati. Nimewahi kwenda kupiga Dodoma na ridi zilizokuwa zinaimba vizuri Dar, nikafungua kasha kule nikazikuta ngumu kama vipande vya dirisha.

Basi mpiga ngoma wetu akaniambia kuna mzee anatengeneza vyombo vya kupuliza, na ridi anazirekebisha. Jina lake sitaji wala mtaa sitaji, sitaki kesi. Nikabeba boksi langu, namba 2 na nusu, mbili zimeshatumika, nane mpya kabisa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Weka hapo.” Hakuinua hata macho.

Nikaweka. Akamaliza alichokuwa anakifanya, akachukua moja ya zile zilizotumika, akainyanyua dirishani kuitazama kivuli chake. Hapo nikamheshimu, maana ndivyo inavyotakiwa: ukiielekeza kwenye mwanga unaona ule moyo wa katikati uliokolea, na pembeni pawe sawa kulia na kushoto. Halafu akainusa.

“Hii unailaza wapi?”

Nikamwambia, kwenye kipulizio chake, kile kichwa cha saksafoni kinachoingia mdomoni, ndani ya kasha.

“Yaani ukishamaliza kupiga unaifungia humo humo, na mate yako?”

“Ndiyo mzee.”

“Kijana, na mswaki wako huwa unalala nao mdomoni?”

Msaidizi wake akacheka mpaka akashika meza. Mimi nina miaka 43, nina mtoto kidato cha tatu. Nimesimama pale na kasha mkononi kama niliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mzee hakuishia hapo. Akaonyesha vidoa vyeusi mgongoni mwa ridi, akasema hiyo ni kuvu, na kwamba ridi nyingi anazoletewa hazina kosa, kosa liko kwenye domo la mwenye nayo. Domo, si mdomo. Nimesikia vizuri.

Lakini ngoja niseme na hili, kwa sababu ni kweli. Akachukua ridi mpya moja, akailoweka kwenye kikombe cha maji, akaniambia nifunge nipulize. Nikapuliza. Akaniambia geuza kipulizio kidogo kushoto, puliza. Haya, kulia. Upande mmoja ukatoa sauti, mwingine ukakwama kama mlango uliovimba. Akaichukua, wembe ukapita juu ya ule upande mzito mara tatu, nne labda, wala hakugusa katikati. “Puliza.” Jamani. Nilishuka mpaka noti ya chini kabisa, ile ambayo huwa naikwepa mbele za watu, ikatoka kama asali inamiminwa. Nikasahau na mswaki.

Nikalipa shilingi 2,000 kwa kila ridi, zote 10, taslimu, mapema. Akaniambia nirudi saa 10 jioni. Nikarudi. Mzee hayupo. Yule msaidizi akanipa ridi zangu zimefungwa kwenye gazeti na mpira. Gazeti!

Jumamosi yake, harusi. Ile ridi moja nzuri nimeiacha nyumbani makusudi, naitunza kwa ajili ya kanisa. Nikafunga mojawapo ya zile tisa. Bibi harusi anaingia, taa zimezimwa, watu wamesimama na simu juu, mimi ndiye ninayefungua wimbo. Nikavuta pumzi nikapuliza, likatoka yowe la paka aliyekanyagwa mkia. Nikajaribu tena, yowe. Mshereheshaji naye, badala ya kunistiri, akasema kwenye kipaza sauti, “Naona saksafoni ina wivu leo.” Ukumbi mzima kicheko. Mpiga kinanda ikabidi adake wimbo. Nikabadilisha ridi gizani, hii ya pili haikupiga yowe, ilikuwa inavuja tu, unasikia upepo kuliko sauti. Ya tatu sawasawa na ya pili. Nilimaliza usiku ule napiga kayamba.

Nyumbani nikazilaza zote juu ya kioo. Ridi nzuri ukiiweka kwenye kioo kwa tumbo lake inatulia tuli. Hizi zilikuwa zinayumba kama ngalawa. Na ukitazama unaona mikwaruzo ya msasa, mipana, ya msasa wa seremala. Mtu kazisugua juu ya meza ya mbao! Mbao yenyewe haijanyooka, utanyoosha nini juu yake? Kazi hii inafanyiwa kwenye kioo, kwa msasa laini, namba 400 au 600, unasukuma mara chache kisha unatazama, na ncha unaiacha ininginie nje, usiiguse, maana pale ni sehemu ya kumi ya milimita na ukiimaliza hairudi. Kama ridi ni laini kupita kiasi unakata ncha kidogo inakaza. Kama ni ngumu unakwangua kidogo kidogo, unapuliza, unakwangua. Unapuliza! Hizi tisa zangu nani alizipuliza? Kwa domo la nani?

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa nyota 1, na hiyo moja ni ya kile kikombe cha maji.

Nilirudi pale kugombana. Nilishajiandaa njiani, maneno yote ninayo. Nikamwekea mzee zile tisa mezani, hata shikamoo nilimpa nusu. Akachukua moja, akailaza kwenye kioo, akaigusa kwa kidole ikayumba. Akachukua ya pili. Ya tatu hakuichukua. Akamgeukia yule msaidizi na kumtazama tu, hakusema neno, na nawaambia afadhali angemtukana. Kijana wa watu akaanza kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Samahani sikupewa. Hela sikurudishiwa. Aliniambia, “Lete boksi lingine, nitafanya mwenyewe,” kama ananikirimu. Boksi jingine! Anajua bei yake?

Sasa niwashauri nini? Msiende. Yaani kama ni kuacha mzigo mkaondoka, msiende kabisa, afadhali mnunue kipande cha kioo na msasa mjiharibie wenyewe bure. Lakini mkono wa yule mzee... ile ridi yake moja nimepuliza nayo Jumapili sijui ngapi sasa, mchungaji kaniuliza kama nimenunua saksafoni mpya. Nyota 4 kwa mkono wake. Kwa duka, ile 1 ibaki. Kwa mdomo wake, sifuri, na hapo sibadiliki.

Tatizo ni kwamba ile ridi imeanza kulegea. Noti za juu zinateleza, nazibana kwa mdomo hadi taya linauma, na hakuna ridi inayoishi milele. Boksi jipya nimeshanunua, liko kabatini. Alhamisi asubuhi naenda, nitakaa kwenye kile kibao chake mpaka amalize ya kumi, kwa mkono wake, nikipuliza moja baada ya nyingine.

Na siku hizi nikimaliza kupiga naifungua ridi, naisuuza kwa maji, naipangusa kwa kidole gumba kuelekea kwenye ncha, naiacha ipunge upepo kabla ya kuilaza kwenye kasha lake. Hilo simwambii. Akiuliza nitasema ni ushauri wa mke wangu.