Dola za Morgan za hali ya juu: ipi ununue kwanza

Anayeanza kukusanya dola za Morgan, sarafu za zamani za dola moja za Marekani zenye madini ya fedha, huuliza zilitengenezwa ngapi. Swali lenyewe ni zimebaki ngapi, na zimebaki katika hali gani. Ziligongwa kwa mamilioni kati ya 1878 na 1904, kisha tena 1921, lakini kwa Sheria ya Pittman ya 1918 dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa.

Hali hupimwa kwa alama 1 hadi 70. Kuanzia 60 sarafu haijachakaa kwa matumizi. Mimi nashauri uanzie 65.

Naiweka ya kwanza 1881-S: namba ni mwaka, na herufi S ni alama ya kiwanda cha San Francisco kilichoigonga. Si adimu, ndiyo maana bei yake inavumilika, na hakuna mwalimu bora kuliko hiyo. Ishike ukingoni, iinamishe polepole chini ya taa moja: mwanga utazunguka juu yake kama njiti za gurudumu. Mwanga usiozunguka ni dalili kwamba sarafu imesuguliwa. Halafu tazama shavu la Liberty, mwanamke aliye upande wa mbele. Sarafu hizi zilisafirishwa elfu moja kwa gunia, zikigongana njia nzima, na kila kovu huonekana pale shavuni. Ukishazoea shavu safi, hutadanganyika kirahisi.

Ya pili ni yenye herufi CC, ya Carson City, Nevada, ya 1882 hadi 1884. Nyingi zililala hazina hadi serikali ilipoanza kuziuza mwaka 1972, zikiwa ndani ya makasha ya plastiki. Tafuta iliyo bado ndani ya kasha lake la awali. Nazipenda kwa sababu akiba yake imeshajulikana. Akiba isiyojulikana ni hatari: 1903-O, ya New Orleans, ilikuwa ikisakwa kwa bei kubwa hadi 1962, magunia yake yalipotolewa hazina na bei ikaporomoka.

Ya tatu, kwa mwenye mfuko mzito, ni 1884-S. Ziligongwa milioni 3.2, na zilizochakaa unazipata bila shida. Ambayo haijatumika ni maelfu mengi ya dola. Ndipo walipo walaghai. Kagua nywele juu ya sikio na kifua cha tai aliye upande wa nyuma: weupe uliofifia hapo maana yake sarafu imepita mikononi mwa watu, hata ing'ae vipi. Tahadhari ni hiyohiyo kwa 1901 isiyo na herufi, yaani ya Philadelphia, ingawa ziligongwa karibu milioni saba.

1921 naiweka mwisho. Ni nyingi mno, na mchoro wake ulichongwa upya ukakosa kina.

Niliwahi kununua CC iliyong'aa kama sufuria mpya. Kwenye lenzi nikaona mistari myembamba iliyolala upande mmoja. Ilikuwa imesuguliwa, na muuzaji hakupokea simu tena. Tangu hapo nanunua tu iliyopimwa na PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu, kuzipa alama na kuzifungia kwenye kasha lenye namba. Namba iliyo kwenye kasha naitafuta kwenye tovuti yao na, picha ikiwepo, nalinganisha alama moja moja, kwa kuwa makasha nayo hughushiwa. Ukiuziwa sarafu isiyo na kasha, beba mizani: uzito ni gramu 26.73 na upana milimita 38.1. Muuzaji akikukataza kuipima, mrudishie.