Alama ya kudumu kwenye chuma: nunua ipi, achana na ipi

Machi mwaka huu nilikodisha mabomba 40 ya skafoldi, yale majukwaa ya kusimamia mafundi, kwenye saiti moja Njiro hapa Arusha, yakarudi 31. Tisa yaliyobaki niliyaona kwa macho yangu. Yalikuwa upande wa pili wa jengo hilohilo, kwenye skafoldi ya mkodishaji mwingine, yamepakwa rangi ya bluu ambayo bado ilikuwa inanata. Foromani akaniambia, "Mama, kama ni ya kwako, tuonyeshe alama." Nikachukua msasa, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasugua pale karibu na mdomo wa bomba ambapo huwa naandika namba zangu zote. Rangi ikatoka, chuma kikang'aa, namba haipo. Nilikuwa nimeifuta mwenyewe pamoja na rangi, mbele ya mashahidi.

Namba hizo niliziandika kwa kalamu ya umeme, ile inayotetemeka, niliyoinunua mjini kwa shilingi 65,000. Muuzaji aliijaribu mbele yangu kwenye kipande cha bati jipya, akaandika jina langu kwa mwandiko wa kupendeza, nikalipa palepale. Mimi na kijana wangu wa stoo tulikesha siku mbili tukiandika mabomba zaidi ya 300. Kazi yote ile ikawa bure.

Nilipowasimulia mkasa huo mliniandikia wengi. Fundi wa magari ya watalii kule Sakina alipeleka stata ya Land Cruiser ikatengenezwe, ikarudi stata nyingine kabisa. Mama mmoja wa Machame anakodisha mashine za kumenyea kahawa, na msimu ukiisha anarudishiwa vipuri vilivyolika vya watu wengine. Wote wawili walikuwa wameweka alama, na zote zilikuwa za juujuu kama zangu.

Kwa hiyo leo sitawachosha na wati, kasi wala uzuri wa herufi. Hayo muuzaji atawaambia hata kabla hamjamuuliza. Mimi nina swali moja tu, nalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilijibu bila kubabaika: alama inazama kiasi gani?

Hesabu ya kina

Bomba la kawaida la skafoldi lina kipenyo cha milimita 48.3, na ukuta wake una unene wa milimita 3.2 au 4. Likichovywa kwenye zinki ya moto, kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka bomba la unene huo lipate zinki ya wastani wa mikroni 70. Mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Juu ya zinki weka mikono miwili ya rangi, kila mmoja makumi ya mikroni, kisha kutu ya masika mawili na zege lililokaukia. Mkwaruzo wa kalamu unakuwa umeshazikwa. Ukitaka kuufukua lazima upitishe msasa au brashi ya waya, na msasa haubagui, unakula rangi na chuma chenye mkwaruzo kwa pamoja.

Ndiyo maana sasa siendi dukani mikono mitupu. Nabeba kipande cha bomba langu mwenyewe, sentimita 15 hivi, chenye kutu yake na rangi yake ya zamani. Namwambia muuzaji aweke alama hapo. Nikifika nyumbani nakipaka rangi mara mbili, naacha ikauke sawasawa, kisha nakisugua kwa msasa namba 80 mpaka chuma chote kitoke. Namba ikisomeka, narudi na hela.

Wauzaji wengi hawapendi jambo hili. Mmoja alinijibu kwamba chuma changu kitaharibu ncha ya mashine yake. Mwingine akaniambia, "Dada, hivi ni vitu vya mafundi, mlete mumeo." Nimekodisha vifaa vya ujenzi miaka 11, nimeanza na mirunda na toroli mbili, na bado naambiwa nimlete mtu wa kuniangalizia chuma. Akina mama mnaofanya biashara hii, msikubali kulipia kitu ambacho hamjaruhusiwa kukijaribu.

Ya kwanza: punchi za Pryor

Nawapenda Pryor, na sifichi. Edward Pryor & Son ni kampuni ya Sheffield, Uingereza, ipo tangu 1849, na kuweka alama kwenye chuma ndiyo kazi yake. Punchi yenyewe ni kipande cha chuma kigumu chenye namba kichwani. Unaiweka, unagonga nyundo, basi. Haina waya wala programu, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Seti yangu ni ya milimita 6. Ina punchi 9, kuanzia 0 hadi 8, kwa sababu ukigeuza 6 unapata 9. Seti ya herufi huwa na 27, yaani A hadi Z pamoja na ile alama ya "na". Niligonga pigo moja la nyundo ya kilo moja kwenye bati nene la milimita 5, nikapima kwa vanya, kile kipimo cha kupimia unene na kina, namba ikawa imezama karibu nusu milimita. Hiyo ni kama mara saba ya ile zinki. Nikapaka rangi mara mbili, nikasugua na msasa, na kijana akaisoma akiwa amesimama.

Kisha kina chenyewe hakiishii pale jicho linapoishia. Pigo la nyundo hubana na kuvuruga chembe za chuma zilizo chini ya namba. Mwizi akisaga kwa grinda mpaka pakawa laini, chuma kilichobanwa huwa bado kiko chini. Wachunguzi wa jinai hupaka mahali hapo mchanganyiko wa tindikali ya hidrokloriki na kloridi ya shaba, na namba hujitokeza tena. Ndivyo zinavyofufuliwa namba za chasisi na za bunduki zilizosagwa. Mkwaruzo wa kalamu haubani chuma namna hiyo. Ukisagwa, kuufufua ni vigumu zaidi.

Kugonga nako kuna adabu yake. Kipande kikae juu ya fuawe au chuma kizito, kisiyumbe. Shika punchi katikati, kidole kidogo cha mkono huo kikiwa kimegusa chuma ili punchi isiteleze. Gonga mara moja, kwa uzito. Ukirudia pigo, punchi inakuwa imehama kwa unywele, na unapata namba mbili zilizolaliana ambazo hakuna atakayezisoma. Kila punchi niliitia alama ndogo ya tupa upande unaotazama tumbo langu, ili kidole gumba kijue namba imesimama sawa bila mimi kuinama kuangalia.

Kosa ambalo nawaomba msilifanye ni kugonga bomba tupu. Ukuta wa milimita 3.2 unabonyea, klempu, kile kibano cha kuunganishia mabomba, haikai vizuri pale palipobonyea, na juu ya bomba hilo kuna mtu amesimama. Mimi nilikwenda kwa fundi tona Unga Limited akanikerezea chuma duara cha milimita 41, kinaingia ndani ya bomba kwa kusukuma kidogo, na hicho ndicho kinakuwa fuawe. Kwa bomba la ukuta wa milimita 4 kinatakiwa cha milimita 40 kamili. Naandika karibu na mdomo, sentimita 5 kutoka mwisho. Baada ya kugonga, bomba la zinki lipake rangi ya zinki pale palipofunguka, kutu isije ikaanzia kwenye namba.

Chuma cha kalibu, kile cha kumiminwa kama mwili wa mashine nyingi za kahawa, usikigonge ovyo, kinaweza kupasuka. Chuma kigumu kama spana nacho hakifai. Pitisha tupa: ikiteleza bila kukwaruza, weka punchi chini, maana inaweza kumeguka na kipande kikaruka. Miwani ya kazi vaa kila mara.

Na lile suala la 6 na 9. Bomba ni la duara, halina juu wala chini. Bomba namba 66 na namba 99 ni kitu kilekile machoni pa mlinzi anayehesabu saa kumi na mbili jioni. Anza kila namba na herufi, hiyo herufi ndiyo itaonyesha upande wa kusomea. Lakini epuka I, O na Q, ambazo hufanana na 1 na 0. Hata namba za chasisi za magari, zenye tarakimu na herufi 17, hazitumii hizo tatu.

Kero ni upatikanaji. Hapa Arusha nilizunguka siku nzima, kutoka Kilombero mpaka karibu na Mnara wa Saa, nikaonyeshwa seti ileile isiyo na jina katika maduka matatu kwa bei tatu. Duka la mwisho lilizidi la kwanza kwa shilingi 15,000, na boksi lilikuwa lilelile, la plastiki nyekundu. Nilipouliza bei mara ya kwanza nikiwa na fundi wangu, bei ilikuwa moja. Niliporudi peke yangu ikapanda. Na risiti ya mashine mpaka ugombane. Seti ile nilinunua moja, nikaijaribu kwenye klempu za chuma cha kufua. Kufikia klempu ya 30 namba 3 ilikuwa imekuwa bapa kama 8 iliyokatwa. Za Pryor niliagiza kwa mtu wa Nairobi, zikaja na basi kupitia Namanga. Zilinigharimu zaidi ya mara tatu, nimegonga mamia ya mabomba, na kingo zake bado zinakata.

Ya pili: mashine ya kudonoa

Hii ina sindano ngumu ya kabidi inayodonoadonoa chuma kwa haraka, kwa nguvu ya upepo wa kompresa au sumaku ya umeme, na namba inajengwa kwa nukta. Inabana chuma kama punchi, mwandiko hauyumbi, na inahesabu yenyewe kutoka 0001 kwenda mbele. Bomba halibonyei, kwa sababu kila pigo ni dogo. SIC Marking na Technomark za Ufaransa wanazitengeneza, na Pryor pia. Kwa mwenye kiwanda au mabomba elfu kadhaa, hii ingepanda ikawa ya kwanza. Lakini bei yake ni ya mamilioni, na sindano ikiisha sijui utaipata duka gani mjini hapa. Wenye biashara ya kadiri yangu wangeweza kuchangishana wanne watano wakanunua moja.

Ya tatu: umeme na maji ya chumvi

Spana, vichwa vya drili na visu vya chuma kisichoshika kutu vinakataa punchi. Hapo unaweka stensili yenye namba, kitambaa chenye maji ya chumvi juu yake, na umeme mdogo kutoka kwenye transfoma. Umeme wa moja kwa moja (DC) unakula chuma, umeme wa kubadilika (AC) unaacha weusi. Tumia wa kwanza upate kina, malizia na wa pili upate rangi. Kina chake ni kidogo, nakubali, lakini spana hakuna anayeipaka rangi wala kuipiga msasa. Fanya mahali penye hewa, na usiimwage ile chumvi iliyotumika bustanini.

Leza

Hapa wauzaji wanachanganya watu makusudi. Leza ya CO2, ile ya kuchorea mbao, akriliki na vibao vya zawadi, mwanga wake wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 unarudishwa na chuma kitupu. Ili iandike chuma lazima upake dawa, na kinachobaki ni dawa iliyogandia juu. Kijana mmoja mjini aliniapia kwamba yake "inaandika kila kitu". Nilimpa kipande changu cha bomba. Alijaribu mara nne, kikarudi kina joto tu.

Leza ya chuma ni ya faiba, ambayo wimbi la mwanga wake ni la nanomita 1,064. Inaandika vizuri mno, hadi alama za kuskani kwa simu. Ila kina hakiji bila kurudiarudia palepale, hivyo ya wati 20 itakuchelewesha sana kuliko ya wati 50, na bomba la duara linahitaji kifaa cha kulizungusha. Kwa kibao cha mashine kinachokaa ndani ya kiwanda, sawa. Kwa kitu kitakachokutana na grinda ya mtu mwenye nia mbaya, muuzaji akuonyeshe kina kwanza.

Kalamu ya umeme, na rangi

Kalamu hugonga mara 6,000 kwa dakika kwenye umeme wetu wa hezi 50, na bado ni mkwaruzo. Andikia friji, kompyuta na mtungi wa chai. Rangi na kalamu za wino zinafaa kutofautisha mizigo kwenye kenta siku hiyohiyo.

Chochote utakachonunua, nunua na daftari. Kila namba iandikwe na tarehe iliyogongwa na saiti ilikokwenda, na mteja atie saini. Njiro hata namba ingeonekana, sikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba bomba hilo lilitoka kwangu.

Mabomba tisa yale hayajarudi. Ya stoo tumeshagonga hadi K 0212. Kijana anashika punchi na nyundo, mimi nageuza bomba na kuandika daftarini, na jioni moja tunamaliza 40 kabla giza halijaingia. Seti ya milimita 10 kwa ajili ya vitako vya skafoldi nimeshaiagiza, ikifika nitaipima kwa msasa uleule na kuwaambia imezama kiasi gani.