Uzoefu wangu na mechi za madaraja ya chini Wales

Kwa kiingilio cha pauni 5 hadi 8 unasimama hatua mbili kutoka mstari wa pembeni, umeegemea uzio wa chuma, unasikia njumu zikichimba tope na kipa akiwapanga mabeki wake kwa majina. Hicho ndicho unachonunua, na kwa maoni yangu hakuna tiketi ya uwanja mkubwa inayokupa kitu hicho. Anayejua utamu wa mpira wa mchangani ataelewa mara moja, isipokuwa hapa kuna mvua, kuna ratiba na kuna mtu mlangoni anayekuuzia jarida la mechi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Cardiff City, Swansea City, Wrexham, Newport County na Merthyr Town ni klabu za Wales lakini zinacheza katika mfumo wa ligi za Uingereza, yaani England. Mimi nauzungumzia mfumo wa Wales wenyewe. Juu kabisa iko Cymru Premier, iliyoanza 1992. Chini yake kuna Cymru North na Cymru South, kisha ligi nne za Ardal zilizogawanywa kwa kanda, na chini ya hapo ligi za mikoa ambako mara nyingine huulizwi hata senti. Ladha ninayoipenda zaidi iko daraja la pili na la tatu: uwanja una jukwaa dogo na chumba cha chai, lakini bado hakuna anayekuzuia kuzunguka unavyotaka. Mashabiki wa timu zote mbili huchanganyika, na wengi hubadilisha upande wakati wa mapumziko ili wakae nyuma ya goli linaloshambuliwa na timu yao.

Sasa kinachoharibu safari. Namba moja ni mechi kuahirishwa. Kuanzia Novemba hadi Februari, usinunue tiketi ya treni isiyorudishwa pesa kwa ajili ya mechi moja ya uwanja wa nyasi asilia. Viwanja vingi viko bondeni kando ya mto, maji hayana pa kwenda, na mbele ya magoli panageuka uji. Baridi kali nayo ina tatizo lake: upande unaofunikwa na kivuli cha jukwaa hubaki umeganda hata jua likishatoka, na refa akiona njumu haziingii ardhini anafuta mechi hata kama robo tatu ya uwanja ni laini. Ukaguzi kwa kawaida hufanyika asubuhi, mapema zaidi kama wageni wanatoka mbali. Angalia kurasa za klabu zote mbili Alhamisi jioni, kisha Jumamosi saa mbili asubuhi, kisha tena kabla hujapanda gari. Klabu nyingi za kaskazini-magharibi huandika Kiwelisi kwanza, kwa hiyo likariri neno moja: ukiona "gohirio" au "wedi'i gohirio", mechi imeahirishwa. "Cartref" ni nyumbani, "oddi cartref" ni ugenini. Makosa ya kwenda uwanja wa nyumbani wakati timu iko ugenini yanatokea kuliko unavyodhani.

Dawa ni kuwa na mechi ya akiba kwenye nyasi bandia. Bala Town wanacheza kwenye nyasi bandia pale Maes Tegid, Barry Town United pale Jenner Park, Penybont pale Bryntirion Park. The New Saints nao wana nyasi bandia pale Park Hall, ambao kwa kweli uko Oswestry, ng'ambo ya mpaka, ndani ya Uingereza, ingawa klabu inacheza ligi ya Wales. Mvua ya kawaida haizuii mechi kwenye viwanja hivyo. Ila ukikaa safu ya mbele, punje nyeusi za mpira zilizotandazwa kwenye nyasi hizo zitaingia viatuni.

Namba mbili ni saa. Mechi za Jumamosi katika madaraja ya juu huanza saa nane na nusu mchana, yaani 14:30 kwenye ratiba, si saa tisa kama Uingereza. Watu wengi hukosa nusu saa ya kwanza kwa sababu hiyo. Mechi ya Cymru Premier ikichukuliwa na kipindi cha Sgorio cha televisheni ya S4C, inaweza kuhamia Ijumaa usiku au saa nyingine ya Jumamosi. Ukishuka madaraja, kuna viwanja visivyo na taa, na Desemba jua linazama karibu saa kumi jioni, kwa hiyo mechi hurudishwa nyuma hadi saa nane kamili au hata kabla. Wikiendi za Kombe la Wales nazo hufuta ratiba ya ligi kwa timu zilizomo. Programu za simu za matokeo haziaminiki kwa daraja la tatu kwenda chini. Klabu yenyewe ndiyo ya kuamini.

Namba tatu ni majina. Miji mingi ina jina la Kiwelisi na la Kiingereza, na basi linaweza kuonyesha lolote kati ya hayo. Newtown ni Y Drenewydd, Haverfordwest ni Hwlffordd, Carmarthen ni Caerfyrddin, Welshpool ni Y Trallwng, Holywell ni Treffynnon. Tena kuna Newport mbili: ile kubwa ya kusini-mashariki ambayo kwa Kiwelisi ni Casnewydd, na mji mdogo wa pwani ya Pembrokeshire unaoitwa Trefdraeth. Ukiandika "Llanfair" kwenye ramani utaletewa orodha ndefu, basi ongeza jina la kaunti. Na ramani ikikupeleka mbele ya nyumba za watu, zima injini utazame juu: nguzo za taa za uwanja huonekana kabla ya lango. Neno "Cae" kwenye kibao maana yake kiwanja.

Anayeendesha gari ajue kwamba tangu Septemba 2023 mwendo wa kawaida ndani ya makazi Wales ni maili 20 kwa saa. Barabara ya kaskazini kwenda kusini inapita vijiji vingi, kwa hiyo ongeza angalau nusu saa juu ya makadirio yako.

Kwa treni, uwanja ninaoupendekeza kwa mgeni ni Park Avenue wa Aberystwyth Town. Klabu ilianzishwa 1884, ilikuwepo ligi ya juu tangu siku ya kwanza 1992 na ikashuka kwa mara ya kwanza 2025. Kutoka stesheni ni mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu, tambarare tupu. Wanaoishi Birmingham wana treni ya moja kwa moja, karibu saa tatu, na dakika za mwisho zinapita kando ya mlango wa mto Dyfi, maji upande mmoja na milima upande mwingine. Jambo la kuzingatia: treni hugawanyika Machynlleth, mabehewa mengine huenda Aberystwyth na mengine hukata pwani kwenda Pwllheli. Uliza ukiwa bado Birmingham uko behewa la wapi. Treni hazipiti mara kwa mara, kwa hiyo mechi ikiisha baada ya saa kumi na robo, usikae kubishana penalti ukakosa yako.

Bala haina stesheni ya reli kuu. Shika basi la TrawsCymru T3 kutoka Wrexham, linalopita Llangollen na Corwen na kuendelea hadi Barmouth. Maes Tegid iko karibu na Llyn Tegid, ziwa kubwa kuliko yote ya asili ndani ya Wales, na upepo wa ziwani hauna huruma.

Caernarfon Town, wanaocheza The Oval, ndio wenye kelele nzuri kuliko wote niliowasikia katika ligi hii, na nyimbo ni za Kiwelisi. 2024 walicheza Ulaya kwa mara ya kwanza na kuwatoa Crusaders wa Ireland ya Kaskazini kwa mikwaju ya penalti, ingawa mechi ya nyumbani ilibidi waicheze Nantporth, Bangor. Kwenye mechi kubwa, hasa dhidi ya jirani, fika nusu saa kabla. Maneno mawili matatu yanafungua nyuso: "p'nawn da" mchana mwema, "diolch" asante, "da iawn" vizuri sana. "Paned" ni kikombe cha chai, na ukisema hivyo dirishani utaeleweka.

Uwanja wenye mandhari ya kukaa moyoni ni Cae Clyd wa Blaenau Ffestiniog. Mji huu umezungukwa na milima ya mabaki ya mawe ya slate yaliyochimbwa kuezekea mapaa, kiasi kwamba mpaka wa hifadhi ya taifa ya Eryri uliuzunguka mji na kuuacha nje. 2021 mandhari ya slate ya kaskazini-magharibi mwa Wales iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kutoka Llandudno Junction reli ya bonde la Conwy inakufikisha mjini, kisha unatembea kusini kuelekea Manod. Mvua ya hapa si ya kubahatisha. Vaa gambuti au viatu vya kupandia mlima, si raba, kwa sababu pembeni ya uwanja ni nyasi na tope. Mawingu yakishuka kwenye mlima, mpira mrefu wa kipa unapotea machoni kwa sekunde, kisha unasikia unavyotua.

The Rock, huko Rhosymedre karibu na Wrexham, ndiko walikocheza Cefn Druids, klabu iliyohesabu mizizi yake hadi miaka ya 1870. Kando ya uwanja umesimama ukuta wa jiwe wa machimbo ya zamani. Stesheni ya karibu ni Ruabon, kama kilomita tatu. Ukiwahi asubuhi, nenda kwanza ukaone daraja la mfereji la Pontcysyllte, maana liko jirani.

Jenner Park wa Barry una njia ya mbio za riadha kuzunguka uwanja, na hilo linakuweka mbali na mchezo. Historia yake ndiyo inayobeba: hapa Barry waliifunga Porto 3-1 mwaka 2001, baada ya kufungwa 8-0 kule Ureno. Shuka stesheni ya Cadoxton.

Pesa: beba pauni 20 za taslimu, noti ndogo na sarafu. Mashine za kadi zipo sehemu nyingi, lakini mabondeni mtandao hukatika na foleni inasimama. Pauni 1 au 2 kwa jarida la mechi, kama bado linachapishwa, maana klabu kadhaa zimehamia mtandaoni. Nunua na tiketi ya bahati nasibu. Kuna aina moja ya karatasi iliyokunjwa na kubanwa: unaifungua na kukuta dakika, na goli la kwanza likiingia dakika hiyo, zawadi ni yako. Anayekuuzia mara nyingi ni mtu yule yule aliyechora mistari asubuhi na atakayefua jezi Jumapili. Hizi ni klabu za kujitolea. Watu 20 zaidi kwa pauni 6 ni pauni 120, na kwenye hesabu ya klabu ya namna hii hiyo ni pesa inayoonekana.

Chakula ni chipsi, pai na chai ya maziwa iliyokolea. Nenda dirishani dakika ya 40, maana ikifika ya 45 foleni inafika kona. Chipsi zenye mchuzi wa kari ndizo ninazozisifia: kachubari usitarajie, lakini mchuzi ni mzito na moto, na mikono yako itakushukuru. Kwa Waislamu: Bovril, kinywaji cha moto kinachopendwa sana viwanjani, kimetengenezwa kwa nyama ya ng'ombe na si cha halali, pai za nyama vilevile. Uliza pia chipsi zimekaangwa kwa mafuta gani, kwani wengine hutumia ya ng'ombe. Desemba Magharibi huingia kabla ya filimbi ya mwisho, basi chukua mkeka mwepesi. Mbwa wanaruhusiwa viwanja vingi, wakiwa wamefungwa kamba.

Pa kusimama: nyuma kidogo ya benchi la ufundi, upande ambao upepo unakupiga mgongoni. Upepo wa kawaida hapa unatoka kusini-magharibi. Ukiwa hapo unasikia kocha akimwambia beki wa kushoto abane ndani, kisha unamwona akifanya hivyo au akisahau. Usisimame nyuma ya goli wakati wa kupasha misuli, kwa sababu wavu wa kuzuia mipira haupo sehemu nyingi na mashuti kumi yanakuja kwa mpigo.

Kama unalala, Jumapili kuna ligi za wanawake za Adran, mara nyingi kwenye viwanja hivyo hivyo, kwa kiingilio kidogo zaidi. Na kwenye klabu ndogo chai hutolewa kwa vikombe vya udongo, si vya karatasi. Kirudishe dirishani kabla hujatoka getini, kuna mtu anayevihesabu na kuvikosha.