Adduser ya Debian: chombo ninachokiamini

Natunza seva ya Debian (mfumo wa uendeshaji wa aina ya Linux) yenye watumiaji 40 hivi, na kila wiki kuna wa kuingiza na wa kumtoa. Kwa kazi hiyo sijaona kinachoishinda adduser, amri ya kuongeza watumiaji. Naandika sudo adduser asha (sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi): inaniuliza nywila mara mbili, inaunda /home/asha, inanakili mafaili ya mwanzo kutoka /etc/skel na kumpa kundi lake mwenyewe. Useradd, amri nyingine ya kazi hiyo, kwenye Debian usipoiwekea -m, humwacha mtu bila hata folda ya nyumbani.

Ila kilichonifanya niipende hasa ni makundi. Mwaka jana niliandika usermod -G uhasibu ili kumwingiza mwenzangu kwenye kundi la uhasibu, nikasahau -a, inayosema "ongeza". Makundi yake mengine ya ziada yakafutika, la sudo likiwemo, na kazi yake ikasimama asubuhi nzima. Nilimwomba radhi. Siku hizi naandika adduser asha uhasibu. Inaongeza hilo moja, mengine haiyagusi. Mwambie tu atoke na kuingia upya, maana kikao alichomo hakitaliona kundi jipya.

Kumtoa mtu ni deluser. Mafaili yake yanabaki mpaka uongeze --remove-home, na mimi nashukuru kwa hilo.