Mashine ya kusafisha hewa kwa vumbi la Dodoma: ununue au uache?

Haya ndugu zangu, karibuni. Hii hapa ndiyo mashine ya kusafisha hewa mliyokuwa mnaniulizia. Inanifika gotini, bei yake laki mbili na nusu, na hela ni yangu, sijalipwa na mtu.

Mnaokaa Nkuhungu, Ilazo au Nzuguni mnaujua upepo wa Agosti. Unadeki asubuhi, saa nane mchana unaweza kuandika jina lako mezani. Na viwanja vinachimbwa kila kona. Sasa je, vumbi hilo inalivuta?

Inalivuta. Sogeza kamera hapa, nafungua mlango wa nyuma. Mnaiona filta? Huu upande unaoingiza hewa umeshakuwa rangi ya chai ya maziwa, nikiigeuza, upande wa pili bado mweupe. Hii ni aina ya HEPA, inanasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, wakati unywele mmoja una mikroni kama 70. Halafu, jamani, vueni nailoni! Nyingi zinakuja na filta imefungwa nailoni humo ndani, mtu anawasha mwezi mzima inanguruma tu.

Kwenye boksi tafuteni kiasi cha hewa inayosafishwa kwa saa. Hii ni mita za ujazo 120. Chumba cha kulala cha futi 10 kwa 12 kina kama mita za ujazo 30, kwa hiyo ukifunga dirisha na mlango hewa yote inapita humo kama mara nne kwa saa. Hapo inafanya kazi kweli. Sebuleni, mlango wazi, watoto wanaingia na kutoka, unachoma umeme bure. Ingawa umeme wenyewe si wa kutisha: wati 40, ukiiacha saa 24 haimalizi uniti moja ya LUKU.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Kuna muuzaji aliniambia, "Kaka, hata ukipikia mkaa ndani, itavuta moshi wote." Si kweli. Filta inanasa chembe. Kaboni monoksaidi ya mkaa ni gesi, haina rangi wala harufu, inapita kwenye filta hii bila shida na kuchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu yako. Na hii taa ya mashine, inayogeuka nyekundu nikikaanga vitunguu, inasoma chembe tu. Baridi ya Julai ikikaza, mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, anaona taa ya kijani, analala. Taa hiyo haijui kitu! Jiko litoke nje, hata uwe na mashine tatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na chanzo kikubwa ni huku huku kupika.

Ndiyo maana kama bado mnapikia mkaa ndani, mimi nasema hii mashine muiache dukani. Mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake unaupata kwa hela ndogo kuliko hii. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni moshi, fungeni chandarua. Na kufagia kwa ufagio mkavu ni kulirusha vumbi juu tu, pitisheni kitambaa kibichi.

Hayo ukishayamaliza, na nyumbani kuna mwenye pumu, mnunulie aiweke chumbani kwake. Kama ina kitufe cha ayoni, kizime, baadhi zinatoa gesi ya ozoni, na gesi hiyo inawasha kifua. Na kabla hujatoa hela muulize muuzaji filta ya kubadilishia ipo hapa Dodoma na ni shilingi ngapi. Hii yangu hapa mjini sikuipata, ilibidi niiagize Dar, ikaja na basi.

Maswali yawekeni hapo chini, nitayajibu jioni.