Hina, piko, jagua na stika: kipi kinamfaa mwanamke anayeswali

Idi na msimu wa harusi vikikaribia, maduka ya vipodozi ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hujaa bidhaa ambazo muuzaji huziita zote "hina": unga, koni zilizo tayari (vifuko vya kuchorea vyenye hina iliyokwisha kukorogwa), piko ya rangi nyeusi, jeli ya jagua na stika za kubandika. Kisheria na kiafya ni vitu mbalimbali kabisa. Hapa vimepimwa kwa maswali mawili tu. Je, kinaacha rangi pekee au kinaacha kitu chenye mwili juu ya ngozi, kinachozuia maji ya udhu yasiifikie? Na je, kinamdhuru aliyepakwa?

Hina yenyewe haina mzozo. Abu Daud na Nasai wamepokea kwa Bi Aisha habari ya mwanamke aliyenyoosha mkono nyuma ya pazia akitoa barua, Mtume (s.a.w.) akasema hajui ni mkono wa mwanamume au wa mwanamke, kisha akamwambia lau ungekuwa mwanamke ungebadili kucha zako, yaani kwa hina. Sanad yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, imetiliwa shaka na wapo walioidhoofisha, lakini ruhusa haikujengwa juu ya hadithi hiyo peke yake. Laana iliyomo katika Bukhari na Muslim ni ya wanaochanja chale na wanaochanjwa: sindano inaingiza rangi ndani ya ngozi ikabaki humo. Hina hushika tabaka la juu lililokwisha kufa, na tabaka hilo likipukutika rangi nayo inakwenda, baada ya wiki 1 hadi 3.

Tuanze na unga, kwa kuwa ndio bora na ndio unaoharibiwa zaidi na watumiaji. Unga mzuri una kijani cha majani makavu, ni laini kama poda, na unanuka nyasi. Uliogeuka kahawia umezeeka. Wenye kijani kikali kama rangi ya ukutani huenda umetiwa rangi ili umvutie mnunuzi. Jaribio ni rahisi: koroga kijiko kimoja kwa maji ya vuguvugu, subiri rangi itoke, weka tone kwenye kiganja kwa dakika 20. Likiacha alama ya rangi ya chungwa, unga uko hai. Lisipoacha kitu, usinunue zaidi.

Kwa gramu 100 za unga uliochekechwa, tia mililita 250 hadi 300 za maji ya ndimu au maji ya kawaida, ukiongeza kidogo kidogo, vijiko 2 vya sukari, na mililita 30 za mafuta ya lavenda au ya mti-chai (tea tree). Sukari inaufanya mchanganyiko ushike ngozi usipasuke ukikauka. Mafuta ndiyo yanayokoleza rangi, na wanaoyaacha hulalamika kwamba hina "haikushika". Mafuta ya karafuu, ambayo pwani hayakosekani, nayo yanakoleza, ila yanaunguza ngozi nyepesi, kwa hiyo usiyamimine kwa kipimo hicho. Funika kwa karatasi ya nailoni iliyogusa uso wa mchanganyiko. Kwa joto la chumba la pwani, rangi hutoka baada ya saa 8 hadi 12, ikiwa ya ndimu hukawia kuliko ya maji. Utaijua uso wake ukigeuka kahawia huku ndani kukiwa bado kijani. Ukiianika juani ili iwahi, itakufa kabla hujaitumia. Ichuje kwa soksi safi ya nailoni, vinginevyo koni itaziba ukiwa katikati ya kuchora ua.

Mkono uoshwe kwa sabuni, usipakwe losheni wala mafuta kabla. Mchoro ukae saa 6 hadi 8. Hapo ndipo wengi wanapokwama na swala, kwa sababu hina mbichi ni kizuizi na udhu hausihi ikiwa bado iko mkononi. Dawa yake ni kupanga saa: chora baada ya Isha ukiwa na udhu, lala nayo, kwangua kabla ya Alfajiri. Kuianza saa nane mchana halafu ukaiacha Alasiri na Magharibi zipite kwa kuogopa kuharibu maua, hilo halina udhuru.

Kikwazo kinachofuata ni maji. Wachoraji husema usiloweshe mkono kwa siku nzima, na ni kweli kwamba rangi hukolea ndani ya saa 24 hadi 48 na maji ya mapema huifubaza. Udhu hausubiri. Paka mafuta ya nazi kidogo, uyafute, kisha tia udhu na ulisugue kila kiungo mpaka maji yapite. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani, mafuta ya majimaji yasiyo na mwili hayazuii udhu hata maji yakiteleza juu yake, lakini kitu kilichoganda kinazuia. Nazi kwa joto letu ni maji. Vaselini iliyopakwa nene na zeri za nta zinazouzwa za "kulinda hina" zimeganda, kwa hiyo ziondoe kwanza. Mabaki yaliyokauka pembeni mwa kucha nayo yakwanguliwe. Rangi iliyobaki haina neno kwa udhu wala kwa kuoga janaba au hedhi, na ndiyo maana wanawake wengi huchagua siku za hedhi kupaka: mchoro unakaa saa zote unazotaka bila kugongana na swala.

Koni tayari ni bahati nasibu. Hina safi iliyokorogwa ni kama chakula: nje ya friji hudumu siku chache, kwenye friza miezi. Koni iliyokaa rafuni mwezi mzima juani na bado inatoa rangi nyekundu iliyoiva ndani ya nusu saa haikupata rangi hiyo kwenye majani ya mhina. Baadhi zimekutwa na sodiamu pikrameti, ambayo ni rangi ya nywele. Harufu ya mafuta ya taa au petroli ni sababu tosha ya kuirudisha dukani. Nyingine rangi yake hubanduka siku ya tatu kama utando. Ukikwangua kwa ukucha na utando wenye rangi ukatoka, chini kukabaki ngozi safi, basi kile kilikuwa kizuizi. Kinachotoka kikiwa ni ngozi yenyewe iliyokufa, hakuna tatizo.

Piko haipendekezwi kabisa. Sababu inayotajwa mara nyingi barazani, kwamba weusi umekatazwa, si sahihi. Katazo la weusi lililopokewa na Muslim katika habari ya Abu Quhafa, baba yake Abubakar, lilihusu mvi za kichwani, halikuhusu maua ya mkononi. Tatizo la piko ni kilichomo. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini, maarufu PPD. Umoja wa Ulaya unaikubali katika rangi za nywele kwa kikomo cha asilimia 2 ikishachanganywa, na hauruhusu ipakwe moja kwa moja kwenye ngozi. Maboksi mengi yenyewe yameandikwa kwamba si ya ngozi wala nyusi, ila boksi analiona mchoraji, mteja haoneshwi.

Madhara hayaji papo hapo, na hilo ndilo linalowahadaa watu. Mara ya kwanza inaweza kupita salama huku mwili ukijifunza kuikataa. Mara ya pili au ya tatu, baada ya siku 2 au 3, pengine hata wiki, maua yote yanavimba, yanawasha na kutoa malengelenge yanayofuata mchoro mstari kwa mstari. Aliyefika hapo hataweza tena kutumia rangi nyingi za nywele maisha yake yote, na baadhi ya dawa za ganzi zinaweza kumletea mzio uleule. Asipasue malengelenge. Aende hospitali na ataje neno PPD. Kwa msingi wa "hakuna kujidhuru wala kudhuru", hukumu yake iko wazi kuliko watu wanavyoibishania.

Utaitambuaje? Hina haitoi weusi. Huanza rangi ya chungwa na kuishia kahawia iliyoiva. Chochote kilicho cheusi tii ndani ya saa moja ni piko, hata kikiitwa "hina nyeusi ya asili".

Anayetaka weusi anunue jagua, utomvu wa tunda bichi la mti wa Genipa americana wa Amerika ya Kusini. Hukaa mkononi saa 1 hadi 3, huoshwa, huacha kivuli hafifu tu, kisha hugeuka buluu-nyeusi siku ya pili. Hudumu wiki 1 hadi 2, na ikishaoshwa udhu unapita. Ni ghali kwa kuwa inaagizwa nje, na wapo wanaopata mzio, kwa hiyo jaribu tone nyuma ya sikio siku 2 kabla.

Stika, gliteri na "hina nyeupe", ambayo kwa kweli ni gundi au rangi ya akriliki, zote zina mwili. Zinafaa kwa saa chache kati ya swala mbili, zibanduliwe kabla ya udhu.

Watoto wachanga wasipakwe hata hina safi. Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao si haba katika nchi za malaria, chembe zao za damu zinaweza kupasuka. Aliye katika eda ya kufiwa, miezi 4 na siku 10, haipaki. Na maua yakishakolea ni pambo, kwa hiyo aya ya 31 ya Suratun-Nur, inayowataka wanawake wasioneshe mapambo yao ila kinachodhihiri, inayahusu. Wafasiri wametofautiana kama hina ya viganja imo katika "kinachodhihiri", na mwenye kuchukua tahadhari huvaa glavu atokapo.

Bibi harusi apakwe siku 2 kabla, si usiku wa kuamkia harusi, kama anataka rangi iwe imeiva siku yenyewe.